Niliapa kumfuata mtu ambaye kila mmoja aliniambia hayupo (mkasa wa Wattaya, Muscat)

Wakuu, salaam zenu popote mlipo.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Najua wapo watakaosema ni chai, na mimi ningesema hivyo hivyo kama ningeusoma kwa mtu mwingine. Ila yaliyomo yamenipata mwenyewe, hapa Muscat, mchana kweupe. Majina nimebadilisha. Alama za mahali nimezipindua, na jengo lenyewe sitalitaja, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Mimi ni kijana wa Kondoa. Nimesoma chuo, degree ya lugha, halafu nikakaa mtaani mpaka nikawa naogopa kukutana na watu niliosoma nao. Shemeji yangu aliyeko huku Oman akanitafutia kazi kwenye kampuni binafsi ya wauguzi wa nyumbani. Wana magari ya wagonjwa, na manesi wanaozunguka kupima wazee sukari na presha.

Kazi yangu ni kupokea simu.

Kwa wasiojua, Muscat imejaa familia za Waomani waliotoka Zanzibar. Vijana wao wanaongea Kiarabu na Kiingereza, lakini bibi akizidiwa, Kiarabu kinamkimbia, anabaki na Kiswahili chake. Hapo ndipo ninapohitajika. Ananieleza yuko wapi na anaumwa nini, mimi naandika kwa Kiingereza kwenye group la madereva. Madereva wengi ni Wahindi, manesi ni Wafilipino.

Sasa mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nikituma meseji naisoma tena baada ya kuituma. Kazi hii ikanipa kitu kipya cha kuwaza: in, on, at.

Sisi tukisema mtu yuko kitandani, barabarani, hospitalini, mambo yameisha. Mwingereza anakutaka uchague. Wiki ya kwanza niliandika kwamba mgonjwa yuko "on the bathroom". Dereva mmoja anaitwa Biju akajibu kwamba sawa, anakuja na ngazi ili amshushe kutoka juu ya paa. Group zima likacheka.

Mimi sikulala.

Nikabandika karatasi pembeni ya kompyuta. In kwa chumba na kwa mtaa. On kwa barabara na ghorofa. At kwa sehemu unayoweza kuiwekea kidole kwenye ramani. Kila simu ikiingia, jicho linakimbilia kwenye karatasi kwanza.

Supervisor wangu ni Bi Rahma, mama wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa, wazazi wake wa Unguja. Alikuwa ananitania kila siku.

"Weye Profesa! Mgonjwa atakata roho anangoja preposition."

"Bi Rahma, nikikosea dereva atapotea."

"Dereva ana macho. Andika, yallah!"

Kumbukeni hayo maneno ya dereva ana macho, maana siku ile hayakusaidia kitu.

Ilikuwa kiangazi, kile cha Muscat, ambacho ukitoka nje adhuhuri unahisi kama mtu amefungua tanuri usoni kwako. Barabarani hakuna anayetembea. Maduka yanafungwa mchana, watu wanarudi kulala, mji mzima unabaki na mlio wa AC tu.

Simu ikaingia. Sauti ya kikongwe, taratibu, haina hata haraka.

"Mwanangu, njooni mnichukue. Jua limenishinda."

Namba ikaonyesha ni Bi Zamzam, mgonjwa wetu wa kisukari. Mimi sikuwahi kumwona, nilijua jina tu na kwamba anakaa Wattaya na binti yake.

"Uko nyumbani, Bi?"

"Siko. Nimetoka. Nnakaa hapa mbele ya kwa fundi cherehani, chini ya mwarobaini. Mkabala na mlango wa kijani."

Nikaandika: in Wattaya, in front of the tailor, under the neem tree, opposite the green door. Wakuu, niliipenda ile sentensi. Kila kitu kimekaa mahali pake. Hata karatasi sikuitazama mara mbili.

Biju alikuwa karibu, akafika haraka. Akapiga.

"Brother, no tree."

Nikamwambia azunguke. Akazunguka. Hakuna mti, hakuna fundi, hakuna mlango wa kijani. Ni showroom za magari zimepangana, vioo na bendera, zote zimefungwa kwa mapumziko ya mchana.

Nikarudi kwa Bi Zamzam. "Bi, una uhakika ni mwarobaini?"

"Nimeukuta mkubwa hivyo hivyo tokea tulipohamia, weye wanuliza mie? Fundi ana pazia la buluu. Mlango wa kijani umebanduka rangi chini, wale watoto wanaupiga mateke."

Anaeleza kama mtu anayetazama. Biju yuko pale pale anaponielekeza, na haoni hata kimoja.

Nikaisoma tena meseji yangu neno kwa neno, sikuona kosa.

Wakati huo Bi Rahma alikuwa amempata binti yake kwenye simu nyingine, anaitwa Thuraya, yuko kazini. Akaweka loudspeaker.

"Mama haoni," Thuraya akasema. "Macho yake yaliondoka na sukari zamani. Kwa fundi hakupo tena. Zile nyumba zimevunjwa, mti umekatwa. Ya Rabbi, katokaje nje? Yule dada wa kazi tumempa likizo kaenda kwao, mama nimemwacha kalala!"

Wakuu, nilikuwa nimemwandikia dereva sentensi safi kabisa kuhusu mahali ambapo hapapo.

Halafu nikaelewa. Wazee wa hapa wote wanaelekeza kwa vitu vilivyokuwepo. Atakwambia pinda kwenye mzunguko, na mzunguko umeng'olewa wewe hujafika Oman. Ila wenzake wanaona, wanajisahihisha. Bi Zamzam mji wake ulisimama siku macho yalipozimika. Anatembea Wattaya ya zamani ndani ya Wattaya ya leo.

Bi Rahma akawapigia polisi. Thuraya akatoka kazini kuja. Lakini ni mtu wa sukari, yuko juani, ana simu ya kiswaswadu isiyoweza kutuma location. Sauti yake ilishaanza kupungua. Nikijifunga na fundi na mwarobaini, anakufa huku ananieleza pazia la buluu.

Nikamwambia, "Bi, tuache ya fundi. Niambie, chini yako pana nini? Gusa kwa mkono."

"Ngazi. Ya saruji. Huku yaunguza, huku mbichi."

"Mbichi kwa nini?"

"Maji. Yananidondokea kichwani."

"Juu yako kuna sauti yoyote?"

Akasikiliza kwanza. "Kama nyuki. Wengi."

AC. Yuko chini ya zile AC za nje, zinadondosha maji.

"Nyuma yako?"

"Bati. Lina mikunjo. Lacheza nikiegemea."

"Magari unayasikia wapi?"

"Mbali. Nyuma ya hili bati."

"Na adhana ya adhuhuri, imekuja kwa sikio gani?"

"La kulia, mwanangu. Nimeitikia."

Nikafungua ramani. Barabara kuu iko mgongoni kwake, ng'ambo ya jengo. Msikiti kuliani. Basi yuko upande wa milimani, kwenye sikka, ndivyo wanavyoita vichochoro hapa, nyuma ya showroom, kwenye ngazi ya mlango wa bati, chini ya AC. Nikamwandikia Biju hivyo. Behind, under, on. Nilituma bila hata kukumbuka kwamba nina karatasi.

Sikka zenyewe ni nyingi, akaanza kupita moja moja.

Sasa hapa ndipo uzi unapoanza, kwa kweli.

Nilikuwa namwambia Bi asilale, aendelee kunisemesha. Akasema, "Hata mwenzangu ananambia nsilale."

"Mwenzako nani, Bi?"

"Huyu hapa, kando yangu. Ndiye anotia leso maji ananifunika kichwa."

Nikasema nipe niongee naye. Nikasikia simu inasogezwa. Kisha kimya. Ndani ya kile kimya kulikuwa na pumzi. Nikasema haloo, haloo, dada, mko wapi? Pumzi ikakatika, sauti ya Bi ikarudi.

"Hataki. Kasema hana ruhusa ya simu."

Bi Rahma akamuuliza Thuraya nani anaweza kuwa na mama yake. Thuraya akaanza kulia.

"Hana mtu. Huyo ni khalati Zuhura, dada yake. Amekufa miaka mingi. Kila siku mama anasema naye, anamwekea hata kikombe cha chai."

Bi Rahma akanitazama. Hakuna aliyetania.

Biju akampata. Akanipigia, nikasikia nesi anampima, nikasikia Bi anaomba maji. Yuko hai. Sukari imeshuka vibaya, lazima apelekwe mara moja.

"Is she alone?" nikauliza.

"Alone, brother."

"Hakuna mtu mwingine? Angalia vizuri. Nyuma ya lile bati, kwenye kona."

Nikamsikia anatembea. "Nobody. But brother, cloth is fresh. Somebody squeeze it, fold it four times."

Maji ya AC yanaweza kulowesha leso. Hayawezi kuikamua na kuikunja mara nne.

Na Bi Zamzam hataki kupanda gari. Nesi anamshika, anajivuta. "Mwenzangu yuko wapi? Hamniondoi mie mkamwacha yeye juani!"

Hapo wakuu nilipata mtihani. Nikimwambia Biju aendelee kutafuta, bibi anazidi kuzidiwa. Nikimwambia aondoke, na kweli kuna mwanamke mwingine pale, nimemwacha mtu kwenye lile jua. Thuraya anapiga kelele kwenye simu ya pili: "Mchukueni mama! Hakuna mtu! Zuhura kafa!"

Nikaomba Biju aweke simu sikioni kwa bibi.

"Bi, nenda. Mwenzako nitamfuata mimi."

"Weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Sema Wallahi."

"Wallahi."

Akapanda.

Mlango wa gari ulipofungwa, Bi Rahma akavua miwani yake.

"Umeapa Wallahi kumfuata nani? Jini?"

"Nimemwapia Bi Zamzam."

"Basi ushajifunga, Profesa. Mtu mzima haapiwi kisha ukakaa. Nenda, na usome Ayatul Kursi usiache." Akanisukumia chupa zake za maji kutoka kwenye friji, na sambusa alizokuja nazo kwa chakula chake.

Nikachukua taksi. Dereva akanishusha barabarani, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana kila kitu kimefungwa. Nikazunguka jengo kwa miguu.

Sikka ilikuwa tupu. Upande mmoja migongo ya majengo, upande wa pili ukuta, na nyuma ya ukuta mlima mweusi unarudisha joto. Hakuna kivuli zaidi ya kile kidogo chini ya AC. Zinanguruma zote kwa pamoja. Bibi alisema kama nyuki. Ni kweli, ni kama nyuki, tena wale waliokasirika.

Nikaiona ngazi. Pale alipokuwa amekaa palikuwa na alama ya maji, inaanza kukauka. Pembeni yake palikuwa na alama nyingine.

Alama mbili, wakuu. Zimekaa kama watu waliobanana kwenye kivuli kimoja.

Kichwa changu kikaanza kazi yake. Labda matone mawili ya AC. Labda bibi alisogea. Labda ni alama ya begi la nesi. Nilikuwa na labda nyingi, na miguu haitaki kwenda mbele wala nyuma.

Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, nikiwa natazama bati: "Nimetumwa na bibi. Sina neno na mtu."

Ngurumo tu.

Nikarudia. "Nimemwapia kwamba nitakuja."

"Kaka, bibi amefika?"

Nilitaka kukimbia. Sauti ya kike, ya chini, kavu kama ya mtu aliyeamka. Na hapa ndipo ninapowashangaza wote ninaowasimulia: sijui ilitoka wapi. Kwa sababu ya zile AC, ilikuja kama kutoka nyuma, halafu kama ndani ya bati, halafu kama juu. Nikaanza kugeuka.

"Usigeuke."

Nikasimama.

"Amefika," nikasema. "Yuko hospitali. Binti yake yuko naye."

Ikapita pumzi. "Alhamdulillahi."

Kilikuwa Kiswahili chetu. Cha bara. Sio cha Bi Zamzam. Dada yake marehemu wa Unguja asingesema hivyo, nikawaza, na nywele zikalala kidogo.

"Dada, wewe umetokea wapi?"

"Uniulize yote. La wapi usiniulize."

"Unahitaji nini?"

"Maji."

Nikaziweka chupa kwenye ngazi, kwenye alama ile ya pili, na sambusa pembeni. Nikamwambia kazini kwetu kuna mama Mswahili, mtu mzuri, anaweza kumsaidia. Nikamtajia namba yangu.

"Simu sina, kaka. Nenda kabla hawajafungua."

Nikaitaja namba tena, polepole, kama mtoto anayesoma hesabu ukutani. Nikaondoka. Nilipofika kona nikashindwa, nikageuka.

Ngazi ilikuwa tupu. Chupa hazipo, sambusa hazipo. Sikusikia mlango, sikusikia hatua. Sikka ile haina sehemu ya kujificha hata paka. Nimeiwaza kwa kila namna, nimeichora kwenye karatasi, sijapata alipokuwa amesimama.

Nikarudi ofisini, nikamweleza Bi Rahma. Nilitegemea anicheke. Akafunga mlango.

"Huyo si jini," akasema. "Huyo ni mtoto wa watu, kakimbia nyumba aliyokuwa akifanya kazi. Pasi yake wanayo wao. Wamejaa. Mchana wanalala panapofungwa."

"Kuna njia halali ya kumsaidia?"

"Ipo. Naijua. Lakini yataka aje mwenyewe, kwa miguu yake. Ukimwendea na watu atadhani unamkamatisha." Akanishika mkono. "Usimwambie mtu ni nyuma ya jengo lipi. Hata mimi usinambie."

Inawezekana ni hivyo. Ndivyo ninavyoamini mimi, asilimia kubwa. Ile asilimia iliyobaki inanijia nikiwa nimekaa peke yangu na AC inanguruma.

Siku kadhaa baadaye Bi Zamzam aliruhusiwa kurudi nyumbani. Akapiga, akasema anamtaka "yule wa Wallahi".

"Ulimfuata?"

"Nilimfuata, Bi."

"Thuraya ananambia nilikuwa na Zuhura. Anadhani mie nimechanganyikiwa. Zuhura namjua, mikono yake ilikuwa laini, hajapata kufua maisha yake. Huyu alonshika mikono yake migumu, imechanika kwa sabuni. Mie sioni, sio kwamba sijui." Kisha akauliza, "Sasa yuko wapi?"

Thuraya alikuwa kwenye laini anasikiliza, nilimsikia anapumua. Bi Rahma alikuwa mbele yangu. Mimi ambaye kazi yangu yote ni kuandika watu wako wapi, nilikuwa nimeulizwa swali la kazi yangu.

"Amekunywa maji, Bi," nikasema. "Ameuliza kama umefika."

Kisha akamwambia binti yake, sio mimi, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi: "Umesikia?"

Kesho yake Thuraya aliniomba nimwambie anachoweza kufanya, na swali la jengo hakuliuliza. Siku hizi ananitumia chakula kwa dereva, nami nikimaliza kazi nakipeleka. Naweka, nasema salaam kwa bati, naondoka bila kugeuka. Nikirudi mara nyingine hakipo. Sauti sijaisikia tena. Simu yangu siizimi.

Nilichojifunza wakuu: nilikuwa nadhani kukosea kubaya ni kuandika on mahali pa in. Kumbe kuna kumwelekeza mtu kwa usahihi kabisa, na ukawa umemwangamiza. Kabla hujasema mtu yuko wapi, jua nani anasikiliza.

Na akina dada mnaotaka kuja huku kufanya kazi za ndani, acheni kopi ya pasi na ya mkataba kwa mtu mnayemwamini nyumbani. Mje mkijua namba ya ubalozi kwa kichwa, sio kwenye simu. Simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Mlioko Ghuba na mmewahi kukutana na jambo kama hili, naomba mniambie: mlifanyaje mpaka mtu akatoka mwenyewe? Nashauriwa niendelee hivi hivi, na nashauriwa niache. Nitasoma kila comment, mnanijua nilivyo. Ila atakayeniuliza ni nyuma ya jengo gani, hata kama ana nia njema, anisamehe. Huyo sitamjibu.